Ulitia sahihi, lakini ulikubali nini? Wafanyabiashara wadogo na madeni ya matangazo ya mtandaoni



Wiki mbili kabla ya Ramadhani, shangazi yangu alinipigia simu baada ya Isha. Nilishtuka, kwa sababu yeye hulala mapema. Saa tisa usiku huwa ashaamka, anakanda unga wa mahamri. "Kesho ukitoka msikitini pita hapa dukani," akaniambia. "Kuna karatasi nataka unisomee. Na usimwambie mtu."

Karatasi yenyewe ilikuwa barua ya kurasa mbili, kwa Kiingereza. Ilisema anadaiwa shilingi 38,000 na kampuni inayoorodhesha biashara kwenye intaneti. Amepewa siku saba. Zikipita hizo, jina lake litapelekwa CRB, madalali watakuja dukani, na gharama zote za mawakili zitakuwa juu yake. Shangazi anauza mahamri, vitumbua na mikate ya sinia katika chumba kimoja cha kupanga hapa Mombasa. Ana friji moja, jiko moja la gesi na meza mbili. Alikuwa na siku tatu hajapata usingizi.

Nikamuuliza: "Shangazi, kuna mahali ulitia sahihi?"

Akafikiri kidogo. "Mwaka juzi alikuja kijana mmoja, mtanashati, ana adabu zake. Akasema anaandika maduka yote ya mtaa huu yatiwe kwenye intaneti, mtu akitafuta mahamri kwa simu atuone. Nikamuuliza ni pesa ngapi, akasema ni bure. Akanambia nitie sahihi tu kwamba jina na nambari ya simu ni sahihi."

Alitia sahihi kuthibitisha kwamba maelezo ni sahihi, na karatasi hiyo hiyo ikawa ndiyo mkataba. Nilipoipata nakala yake, chini kabisa, kwa herufi ndogo kama punje za ulezi, paliandikwa hivi: huduma ni bure kwa miezi 3 ya kwanza. Baada ya hapo ni shilingi 1,500 kila mwezi. Mkataba ni wa mwaka mmoja, na utajihuisha wenyewe kwa mwaka mwingine kama mteja hakuandika barua ya kuusimamisha siku 60 kabla haujaisha. Basi hesabu ikawa hivi: miezi 9 ya mwaka wa kwanza ni 13,500. Mwaka wa pili mzima ni 18,000. Jumla 31,500. Juu yake wakaongeza 6,500 walizoziita gharama za ukusanyaji. Ndiyo hiyo 38,000.

Nilipolizungumza jambo hili barazani bila kumtaja mtu, watu wanne walikuwa na kisa chao: fundi wa friji, mshonaji wa mabuibui, mwenye duka la spea za pikipiki, na jamaa mmoja mwenye nyumba ya wageni huko Diani. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyefanywa mjinga, na kwa hiyo kila mmoja alinyamaza. Ndiyo sababu naandika leo. Mimi si wakili. Lakini mengi ya mambo haya hayahitaji wakili kuyafahamu, yanahitaji mtu akae kitako ayasome.

Biashara hii ilianzaje

Walio na umri wangu wanakumbuka kitabu kinene cha simu kilichokuwa na kurasa za manjano. Fundi mabomba, duka la rangi, kampuni ya kuhamisha mizigo, wote walikuwamo humo. Mwenye biashara alilipa ili jina lake liandikwe kwa herufi kubwa au lizungushiwe kisanduku. Haikuwa hila. Kitabu kilichapishwa, kikasambazwa, na mtu aliyetaka fundi alikifungua.

Intaneti ilibadilisha hesabu hiyo. Kuchapisha kitabu kunataka mtaji, lakini kutengeneza orodha ya biashara mtandaoni kunataka kompyuta moja na wiki chache. Matokeo yake, leo orodha ni nyingi kuliko watu wanaozisoma. Mteja wa shangazi hafungui orodha yoyote. Anaandika "mahamri Mombasa" kwenye Google, au anauliza kwenye kundi la WhatsApp. Kwa hiyo kampuni nyingine hazina tena wasomaji wa kuuza. Zinachouza ni hofu ya mwenye duka kwamba asipoorodheshwa atapotea.

Wala tusidhani hila hizi ni za huku kwetu tu. Ulaya zilienea kiasi kwamba tarehe 16 Desemba 2008 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio kuhusu kampuni za orodha za biashara zinazopotosha, baada ya kamati yake kupokea malalamiko zaidi ya 400 kutoka kwa wafanyabiashara wadogo. Mtindo ulikuwa ni ule ule wa kijana wa shangazi: fomu inayoonekana kama ya kuhakikisha anwani, sahihi hapa, na maandishi madogo yanayokufunga. Jambo moja lililowaumiza wafanyabiashara wale ni kwamba sheria nyingi za kumlinda mnunuzi ziliandikwa kwa ajili ya mtu anayenunua vitu vya nyumbani kwake. Ukinunua kwa ajili ya biashara, hata biashara ya mkokoteni, unahesabiwa kuwa mjuzi sawa na mwenye kampuni kubwa.

Huko Marekani nako, wenye mikahawa na maduka waliishtaki Yelp, tovuti ambayo wateja huandika maoni na kutoa nyota. Walidai kwamba wakikataa kununua matangazo, maoni mazuri kuwahusu yanafichwa na mabaya yanapandishwa juu. Kampuni ilikana. Septemba 2014 mahakama ya rufaa ya shirikisho huko San Francisco iliwakatalia wafanyabiashara hao: ilisema hawakuonyesha kwamba kuna jambo walilofanyiwa linalofika kiwango cha kunyang'anywa kwa vitisho. Nakitaja kisa hiki ili tusidanganyane. Kuhisi kwamba umeonewa ni jambo moja, na kuithibitishia mahakama ni jambo jingine. Tofauti yake huwa ni karatasi ulizoziweka.

Sahihi, uongo na kimya

Sasa tuje kwenye sheria. Kenya tunayo Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, na sheria hiyo inasema wazi kwamba kanuni za Kiingereza kuhusu mikataba ndizo zinazotumika hapa. Kwa hiyo kesi za zamani za Uingereza zina uzito kwetu. Ziko tatu ambazo kila mwenye duka angefaa azijue, na zote tatu ni visa vya watu wa kawaida.

Ya kwanza ni ya mwaka 1934. Mwanamke mmoja, Harriet L'Estrange, alikuwa na mkahawa katika mji wa Llandudno huko Wales. Walikuja wauzaji wakamwuzia mashine ya kuuza sigara. Alitia sahihi karatasi ya kuagiza bila kuisoma. Mashine ikakwama, ikatengenezwa, ikakwama tena. Alipokwenda mahakamani aliambiwa kwamba karatasi aliyotia sahihi ilikuwa na maandishi madogo yanayoondoa dhamana zote za muuzaji. Mahakama iliyosikiliza rufaa ikaamua kwamba mtu akishatia sahihi amefungwa, asome asisome, isipokuwa kama alidanganywa au alipotoshwa. Bi Harriet akashindwa.

Kesi hiyo ni chungu kwa shangazi, na nilimwambia hivyo. "Sikusoma" si kinga. "Sijui Kiingereza" peke yake nayo si kinga ya kutegemewa. Lakini maneno ya mwisho ya kanuni ile ndiyo mlango: isipokuwa kama alipotoshwa.

Kesi ya pili inaufungua mlango huo. Mwaka 1951 mwanamke mwingine alipeleka gauni lake la harusi kwa dobi. Akapewa risiti atie sahihi, akauliza ni ya nini. Mhudumu akamjibu kwamba wao hawatabeba lawama kama shanga na urembo wa gauni utaharibika. Akatia sahihi. Kumbe risiti ilisema hawatabeba lawama kwa uharibifu wowote ule. Gauni likarudi na doa. Mahakama ikasema dobi hawezi kujificha nyuma ya karatasi ambayo mfanyakazi wake mwenyewe aliieleza vibaya, hata kama hakukusudia kudanganya. Yaani maelezo ya mdomo ya yule aliyekuletea karatasi yana uzito, iwapo unaweza kuyathibitisha. Kijana akisema "ni bure, thibitisha nambari tu", na karatasi ikasema shilingi 1,500 kwa mwezi, basi tuko kwenye gauni la harusi wala hatuko tena kwenye mashine ya sigara.

Ya tatu ni ya 1862. Mjomba mmoja alitaka kumnunua farasi wa mpwa wake. Akamwandikia kwamba asiposikia lolote kutoka kwake, atahesabu kuwa farasi ni wake kwa bei aliyoitaja. Mpwa hakujibu. Farasi akauzwa mnadani kwa makosa, na mjomba akamshtaki dalali. Akashindwa, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kukulazimisha ujibu, kisha akakifanya kimya chako kuwa mkataba. Sisi tumezoea kwamba kimya cha binti anapoposwa ni ridhaa. Kwenye biashara sivyo. Ukiletewa ankara ya tangazo usiloliagiza, na hukutia sahihi popote wala hukusema ndiyo, kimya chako hakikufungi. Hila hii ya ankara huwapata sana wenye biashara zilizo na karani wa hesabu: ankara inafika imepangwa vizuri, ina nembo, kiasi si kikubwa, na karani analipa akidhani bosi ndiye aliyeagiza.

Kuna na la simu. Watu wengi hudhani makubaliano ya mdomo hayana nguvu Kenya. Si kweli. Ardhi na dhamana ya kulipa deni la mtu mwingine ndizo zinazohitaji maandishi, lakini makubaliano mengi mengine ya biashara yanaweza kufanyika kwa mdomo. Mtu akikupigia akauliza "ndiye wewe mwenye duka?" ukajibu ndiyo, hiyo ni ndiyo ya jina lako, si ndiyo ya kununua. Lakini ukikubali bei na muda kwa simu iliyorekodiwa, hilo ni jambo zito. Na wakisema wanayo sauti yako, waombe wakupe uisikie yote, si kipande. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuona taarifa zake binafsi zilizohifadhiwa na kampuni, na sauti yako ni miongoni mwa taarifa hizo.

Dini inasemaje

Waislamu hatuwezi kuzungumza juu ya deni bila kugusa dini. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 ya Suratul Baqara, na inahusu deni: liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, anayedaiwa ndiye atoe imla, na pawe na mashahidi. Hebu tafakari hilo la imla. Maneno ya deni yanatoka kwa mdaiwa mwenyewe ili ajulikane kuwa amefahamu anachokiri. Na kama hawezi, msimamizi wake amsemee kwa uadilifu. Kijana aliyemwekea shangazi yangu karatasi ya lugha asiyoisoma alifanya kinyume cha hayo.

Wanazuoni wametufundisha pia kuhusu gharar, yaani biashara iliyogubikwa na kutojua: hujui unanunua nini, kwa bei gani, kwa muda gani. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa pwani, mnunuzi na muuzaji wana hiari ya kuvunja mauzo kabla hawajaachana kwenye kikao chao, na wanaweza kushurutishiana hiari ya hadi siku tatu. Hiyo ni fursa ya kutulia na kuuliza watu. Muuzaji anayekwambia "leo tu, kesho bei inapanda" anakunyima fursa hiyo.

Lakini dini hiyo hiyo inatuamuru kutimiza mikataba yetu. Nami nimewaona wenye biashara waliopata tangazo lao barabara, wakapata wateja, na ilipofika siku ya kulipa wakaanza kusema wametapeliwa. Vijana wanaouza matangazo wengi ni watoto wetu, wanalipwa kwa kamisheni, na mwisho wa mwezi hakuna kitu kama hawakuleta sahihi. Ukiagiza, lipa.

Vitisho: kipi cha kweli na kipi cha kutishia

Barua ya shangazi ilikuwa na vitisho vitatu. Tuviangalie kimoja kimoja.

Dalali. Kwa deni la kawaida la tangazo, ambalo hukuweka rehani kitu chochote, dalali hawezi kuja kubeba friji lako kwa sababu kampuni imekasirika. Lazima kwanza kampuni ishtaki, ishinde, ipate hukumu, na hukumu hiyo ndiyo itekelezwe. Mtu akija dukani akijiita dalali, mwombe karatasi ya mahakama, ipige picha, kisha mpigie mtu anayeweza kuisoma.

CRB. Si kila mwenye simu na hasira anaweza kumtia mtu CRB. Mfumo huo uko chini ya usimamizi wa Benki Kuu, na anayepeleka taarifa mbaya kuhusu wewe anatakiwa akuarifu kabla. Vilevile una haki ya kupata ripoti yako bila malipo mara moja kwa mwaka. Iombe. Shangazi alipoomba yake, jina lake lilikuwa safi.

Mahakama. Hiki ndicho cha kweli, na wala kisikutishe sana, kwa sababu mlango huo uko wazi kwako pia. Mahakama ya Madai Madogo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na kesi inatakiwa iamuliwe ndani ya siku 60. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili na kujieleza kwa Kiswahili. Mombasa tunayo. Hatari moja tu: ukiletewa hati ya kuitwa mahakamani ukaitupa kama ulivyozitupa barua za kampuni, hukumu inaweza kutolewa ukiwa kwako unakanda unga, na hapo dalali atakuwa ana haki ya kuja. Barua ya kampuni unaweza kuijibu kwa utaratibu wako. Hati ya mahakama ina siku zake, na lazima zifuatwe.

Ukishafika hapo, fanya hivi

Kwanza, usilipe "kidogo tu wanyamaze" kabla hujasoma. Malipo ya mwanzo yanaweza kuchukuliwa kuwa umekiri deni.

Pili, omba kwa maandishi wakupe nakala ya mkataba uliotia sahihi, hesabu kamili mwezi kwa mwezi, na ushahidi kwamba tangazo lilikuwapo. Kampuni isiyo na karatasi mara nyingi huishia hapa.

Tatu, andika ulivyokumbuka: siku gani, kijana alisema nini, nani alikuwapo. Binti anayemsaidia shangazi alikuwapo na alisikia neno "bure". Huyo ni shahidi. Andikeni mapema kabla kumbukumbu haijachakaa.

Nne, andika barua ya kukataa na ya kusimamisha mkataba kwa pamoja. Hata kama mnabishana juu ya mwaka uliopita, mwaka ujao usijihuishe tena huku mkigombana. Itume kwa barua pepe na WhatsApp, uweke ushahidi wa kutuma.

Tano, kata malipo yoyote ambayo hayamo kwenye mkataba. Zile 6,500 za ukusanyaji hazikuandikwa popote katika karatasi ya shangazi, hata kwa herufi za ulezi. Mtu hawezi kukuongezea ada aliyoibuni mezani kwake.

Sita, lalamika panapohusika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza maelezo ya uongo kwa mnunuzi, na inagusa pia mwenendo wa dhuluma baina ya biashara na biashara. Mamlaka ya Ushindani inapokea malalamiko. Kama nambari yako inatumiwa bila ridhaa yako, peleka kwa Ofisi ya Kamishna wa Data.

Saba, weka karatasi zote kwa miaka 6 angalau, kwa sababu huo ndio muda ambao sheria inaruhusu mtu kushtaki juu ya mkataba.

Yaliyo bure, na ufunguo wa nyumba yako

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya hizo pesa. Kitu alichouziwa shangazi kinapatikana bure. Kuweka biashara yako kwenye Google ionekane katika ramani, pamoja na simu, saa za kufungua na picha, hakulipiwi hata senti. Unahitaji akaunti ya Google na kuthibitisha kwamba biashara ni yako, kwa simu au kwa video. Kijana wa nyumbani aliyemaliza kidato cha nne anaweza kukufanyia kwa adhuhuri moja, umlipe soda na nauli. Mtu akikupigia akasema anatoka Google na utafutwa usipolipa, kata simu. Akikuomba nambari za siri zilizoingia kwenye simu yako, usimpe, kwa sababu akizipata anaweza kuishika biashara yako yeye.

Ukiahidiwa kwamba utakuwa wa kwanza Google daima, ujue hakuna mtu wa nje anayeweza kuahidi hilo kwa haki. Matangazo ya kulipia yapo, na ni halali, lakini yakisimama unashuka.

Na kama unatengenezewa tovuti, uliza swali moja kabla ya rangi na picha: jina la tovuti litasajiliwa kwa jina la nani? Yule jamaa wa Diani alilipa vizuri kabisa, tovuti ikawa nzuri, wageni wakaja. Walipokosana na mtengenezaji ndipo alipogundua kwamba jina lilisajiliwa kwa mtengenezaji. Ilikuwa kama kujenga nyumba kwa pesa zako na hati ya kiwanja ikaandikwa jina la fundi. Majina yanayomalizikia na .ke husimamiwa na KeNIC, na yako masharti ya kutatua mizozo, lakini kuandikwa jina lako tangu siku ya kwanza ni rahisi zaidi. Nywila ziwe kwako pia.

Yaliyomfika shangazi

Tuliandika barua, kwa Kiswahili. Tulieleza maneno ya kijana, tukamtaja shahidi, tukakataa deni lote, tukasimamisha mkataba. Kampuni ilikaa kimya siku kumi na moja. Kisha wakajibu kwamba, kwa hisani tu, wataondoa mwaka wa pili na gharama za ukusanyaji. Walipwe 13,500 za mwaka wa kwanza, mambo yaishe.

Mimi nilitaka tukatae. Niliona wameanza kurudi nyuma, na kwamba mbele ya hakimu neno "bure" lingewashinda. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, huku anapindua mahamri kwenye karai. Kisha akasema: "Mwanangu, sahihi ni yangu. Na ule ukurasa uliwekwa kweli, niliuona. Sitaki nife na jambo hili shingoni."

Akalipa kwa mafungu matatu, kwa M-Pesa, na kila fungu nilihakikisha limeandikiwa risiti, na la mwisho likaja na barua kwamba hadaiwi tena. Mpaka leo sijui kama alifanya sawa. Nikizihesabu mahamri za 13,500, roho inaniuma.

Wiki iliyopita alikuja kijana mwingine, wa kampuni nyingine, na karatasi yake. Shangazi akamwambia akae, akampa chai na mahamri mawili, kisha akamwomba aandike kwa mkono wake, kwa Kiswahili, ni pesa ngapi, kwa muda gani, na inasimamishwa vipi, atie sahihi yeye kwanza. Kijana akanywa chai, akasema atarudi na mkubwa wake. Hajarudi.

Kama nawe una barua kama hiyo kwenye droo, itoe uisome, au umpe mtu akusomee, kabla siku hazijapita. Inshallah tukutane wiki ijayo. Wabillahi taufiq.